Kuomba nafasi ya udaktari: tarehe ya mwisho si siku ya kungojewa

Kila mwaka, katika nyumba nyingi za Waafrika Mashariki waishio ughaibuni, hurudiwa kisa kile kile. Kijana amesoma kwa bidii na kupata alama nzuri. Wazazi wamekwisha kuwaarifu ndugu walioko Mwanza, Mombasa au Bukavu kwamba ukoo utapata daktari. Maombi yamepelekwa chuoni siku mbili tatu kabla ya tarehe ya mwisho. Kisha miezi inapita, na majibu yanaanza kuingia moja baada ya jingine, yote yakiwa na ujumbe ule ule wa kusikitisha: nafasi zimejaa.

Wazazi hujiuliza kosa lilikuwa wapi. Alama zilitosha, ada ililipwa, na tarehe ya mwisho haikupita. Huenda jibu likawa jepesi kuliko wanavyodhani: maombi hayakuchelewa kwa kalenda ya chuo, bali yalichelewa kwa foleni ya waombaji.

Kupoteza mwaka mmoja si jambo dogo. Ni ada zilizolipwa bure, ni mtihani ambao huenda ukabidi kurudiwa, na ni kijana anayeanza kuitilia shaka njia aliyoichagua. Makala haya yanaeleza ni wakati gani hasa maombi ya kusomea udaktari yapelekwe, kwanza nchini Marekani, ambako jambo hili huwapotosha wengi zaidi, kisha Uingereza, na mwisho nyumbani Afrika Mashariki.

Kalenda tatu, desturi tatu

Mzazi aliyesoma Tanzania, Kenya au Uganda amezoea utaratibu mmoja: mwanafunzi hufanya mtihani, husubiri matokeo, na matokeo yakishatoka ndipo huomba chuo. Matokeo ndiyo yanayofungua mlango. Kabla ya hapo hakuna cha kuomba.

Uingereza utaratibu umegeuzwa. Mwanafunzi wa sekondari huomba takriban mwaka mzima kabla ya masomo kuanza, akiwa bado hajafanya mtihani wake wa mwisho. Chuo humpa nafasi kwa masharti, na matokeo yanapotoka mwezi Agosti ndipo hujulikana kama ameyatimiza.

Marekani kuna desturi ya tatu. Kwanza, udaktari si shahada ya kwanza. Mwanafunzi husoma chuo kikuu kwa kawaida miaka minne, akipitia masomo ya biolojia, kemia na fizikia, kisha huomba chuo cha udaktari kwa miaka mingine minne. Pili, na hili ndilo kiini cha makala haya, vyuo vingi vya udaktari vya Marekani havingoji tarehe ya mwisho ndipo vianze kuchagua. Husoma maombi, huita watu kwenye usaili na kugawa nafasi kadiri maombi yanavyoingia.

Mzazi anayetumia kalenda ya nyumbani kumwongoza mtoto aliye Minneapolis au Houston humwongoza kwa nia njema, lakini kwa ramani ya nchi nyingine.

Marekani: foleni huanza mwezi Mei

Maombi ya vyuo vingi vinavyotoa shahada ya udaktari ya MD hupelekwa kwa njia ya mtandao kupitia huduma iitwayo AMCAS, inayoendeshwa na Jumuiya ya Vyuo vya Tiba vya Marekani, AAMC. Mwombaji hujaza fomu moja tu, na AMCAS huipeleka kwa vyuo vyote alivyovichagua.

Fomu hiyo hufunguliwa mwanzoni mwa mwezi Mei. Kwa wiki chache mwombaji anaweza kuijaza bila kuituma. Mwishoni mwa Mei huruhusiwa kuituma, na mwishoni mwa Juni AMCAS huanza kuvifikishia vyuo maombi yaliyokwisha kuhakikiwa. Masomo yenyewe huanza mwaka unaofuata, kati ya Julai na Agosti. Kwa mfano, aliyetaka kuanza masomo katikati ya mwaka 2025 alipaswa kuwa ametuma maombi yake majira ya kiangazi ya mwaka 2024.

Sasa zitazame tarehe za mwisho. Vyuo vingi huziweka kati ya Oktoba na Desemba. Kwa mtu asiyejua, hiyo ina maana kwamba ana miezi mitano au sita ya kujiandaa kwa raha. Kwa kweli, kufikia Oktoba usaili umekwisha kuanza, na kuanzia katikati ya mwezi huo vyuo huruhusiwa kutoa nafasi kwa waliofaulu. Aliyetuma maombi Novemba hugonga mlango wakati wageni wengine wamekwisha kuketi na chakula kimeanza kupakuliwa.

Ipo pia hatua ya katikati ambayo wengi huisahau. Kabla ya kuvifikia vyuo, kila ombi huhakikiwa na AMCAS: alama za kila somo zilizoandikwa na mwombaji hulinganishwa na hati rasmi za matokeo kutoka chuo chake. Kazi hiyo haianzi mpaka hati zote ziwe zimewasili, na katika msimu wenye maombi mengi huweza kuchukua hadi wiki sita. Aliyetuma siku za mwanzo huhakikiwa upesi kwa kuwa foleni bado ni fupi. Aliyetuma katikati ya Julai anaweza kukuta kwamba ombi lake limefika chuoni mwishoni mwa Agosti. Wiki sita za kuchelewa kutuma zimezaa takriban wiki tisa za kuchelewa kufika.

Hesabu ya viti

Ili kuelewa kwa nini wiki hizo zina uzito, tuchukue mfano wa kubuni. Chuo fulani kina nafasi 150 na kinaweza kuwafanyia usaili watu 600 katika msimu mmoja. Mwezi Agosti, nafasi zote 600 za usaili ziko wazi. Mwezi Novemba, chuo hicho kimekwisha kuwaita watu 450. Maombi yanayosomwa kuanzia hapo, hata yangekuwa elfu kadhaa, yanagombea nafasi 150 za usaili zilizobaki.

Mwombaji wa Agosti na yule wa Novemba wanaweza kuwa na alama sawa, uzoefu sawa na barua za mapendekezo zenye sifa sawa. Tofauti yao ni kwamba mmoja alipimwa wakati kapu limejaa, na mwenzake alipimwa kapu likiwa limebaki robo. Kwa mwenye alama za juu sana huenda tofauti hiyo isionekane. Kwa mwombaji wa wastani, na wengi ndio walivyo, hiyo inaweza kuwa tofauti kati ya kuitwa na kutoitwa.

Ushindani wenyewe ni mkali. Katika msimu uliowaingiza wanafunzi vyuoni mwaka 2023, waombaji wa vyuo vya MD walikuwa zaidi ya 52,000, na walioanza masomo walikuwa takriban 23,000. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya walioomba walibaki nje.

Ni haki kuongeza kwamba si vyuo vyote vinavyofuata utaratibu huu kwa namna moja. Vipo vinavyofanya usaili kwa miezi kadhaa lakini hungoja hadi majira ya baridi yanapokwisha ndipo hutangaza majibu yote kwa pamoja. Hata hivyo, huko nako nafasi za usaili hujazwa mapema, kwa hiyo faida ya kuwahi haipotei.

Mtihani wa MCAT ndio unaoshika hatamu

Anayetaka kutuma maombi mapema hana budi kuhesabu kurudi nyuma, na hesabu hiyo humfikisha kwenye mtihani wa MCAT. Huu ni mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari, unaochukua takriban saa saba na nusu pamoja na mapumziko. Una sehemu nne, na jumla ya alama huanzia 472 hadi 528. Hufanyika mara kadhaa kati ya Januari na Septemba, na matokeo hutoka baada ya mwezi mmoja hivi.

Kutokana na hayo, anayetaka kuwa na matokeo mkononi mwanzoni mwa Juni yafaa afanye mtihani kabla ya mwisho wa Aprili. Anayeufanya Agosti hujiweka nyuma ya foleni hata kama fomu yake ilitumwa Mei, kwa kuwa vyuo vingi havisomi ombi mpaka alama za MCAT zifike.

Hapa pana jambo ambalo huwasaidia wengi. AMCAS haingoji matokeo ya MCAT wala barua za mapendekezo ili kuhakiki ombi. Mwombaji aliyefanya mtihani mwezi Mei, na ambaye bado anasubiri matokeo, anaweza kutuma fomu akiwa amechagua chuo kimoja tu. Uhakiki ukaendelea huku matokeo yakisubiriwa. Matokeo yakitoka, huongeza vyuo vingine kulingana na alama alizopata. Kwa njia hiyo hapotezi wiki za uhakiki, wala hatumii fedha kwa vyuo ambavyo alama zake hazifikii.

Lakini tahadhari inahitajika. Fomu ikishatumwa, sehemu kubwa yake haiwezi tena kubadilishwa. Mambo machache tu, kama anwani, vyuo vya kuongeza, barua na tarehe za mtihani, ndiyo huruhusiwa kurekebishwa. Insha binafsi iliyotumwa na makosa hubaki na makosa yake.

Baada ya kutuma, kazi haijaisha

Vijana wengi hupumua wakidhani kwamba kwa kutuma fomu ya AMCAS wamemaliza. La hasha. Chuo kikishapokea ombi, kwa kawaida humtumia mwombaji maswali yake chenyewe, yaani maombi ya awamu ya pili. Maswali hayo hutaka insha fupi fupi: kwa nini umekichagua chuo hiki, ni tatizo gani umewahi kulikabili, utawahudumia vipi watu wa jamii mbalimbali. Kila chuo hutoza ada yake.

Barua hizo huanza kumiminika mwezi Julai. Aliyeomba vyuo kumi na tano anaweza kupokea maswali ya vyuo kumi ndani ya wiki moja. Washauri wa vyuo vikuu huwahimiza wanafunzi kujibu ndani ya majuma mawili. Aliyekimbia kutuma fomu mwezi Mei kisha akakaa na maswali ya awamu ya pili hadi Septemba amejinyang'anya mwenyewe faida aliyoitafuta, kwa sababu ombi lisilokamilika halisomwi.

Kwa sababu hiyo, wengi huanza kuandika majibu mwezi Juni, wakati maombi bado yanahakikiwa. Maswali ya vyuo vingi hayabadiliki sana mwaka hadi mwaka, na aliyejiandaa hubaki na kazi ya kurekebisha tu.

Barua za mapendekezo nazo zina saa yake. Mhadhiri anayeombwa barua mwezi Juni mara nyingi yuko likizo. Ni adabu, na pia ni busara, kumwomba mwezi Februari au Machi, kumpa muda wa kutosha na kumkumbusha kwa upole.

Usaili huendelea kuanzia Agosti au Septemba hadi Februari au Machi. Wanaopata nafasi zaidi ya moja hutakiwa kuchagua chuo kimoja ifikapo mwisho wa Aprili, na hapo ndipo majina ya walio kwenye orodha ya kusubiri huanza kusogea.

Haraka isiyo na baraka

Je, ina maana kwamba kila kijana akimbilie kutuma maombi mwezi Mei, awe tayari asiwe tayari? Wahenga walitwambia kwamba ukichelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Lakini ni wahenga hao hao waliotuonya kwamba haraka haraka haina baraka. Katika jambo hili methali zote mbili ni za kweli, na hekima ni kujua ipi inamhusu nani.

Kuwahi humsaidia aliye tayari. Hakuzipandishi alama hafifu, wala hakuzibi pengo la kijana ambaye hajawahi kukanyaga wodi ya hospitali hata kwa kujitolea. Ombi dhaifu lililotumwa siku ya kwanza hukataliwa siku za kwanza. Zaidi ya hayo, vyuo vingi humuuliza mwombaji kama amewahi kuomba hapo awali, na anayerudi hutarajiwa kuonyesha ni nini kilichobadilika.

Kadhalika MCAT si mtihani wa kujaribia bahati. Mwanafunzi haruhusiwi kuufanya zaidi ya mara tatu katika mwaka mmoja, mara nne katika miaka miwili mfululizo, na mara saba katika maisha yake yote. Alama za kila jaribio huonekana kwa vyuo anavyoviomba.

Kwa hiyo kanuni inaweza kusemwa hivi. Ikiwa ombi lako litakuwa imara mwezi Juni, litume Juni. Ikiwa litakuwa imara mwezi Julai, au hata mwanzoni mwa Agosti, bado linaweza kushindana. Lakini ikiwa litahitaji hadi Oktoba ili liwe imara, basi katika hali nyingi ni afadhali kungoja Juni ya mwaka unaofuata, na kuutumia mwaka huo kufanya kazi hospitalini, katika maabara au katika huduma ya jamii.

Wazazi wetu wengi huuona mwaka wa namna hiyo kuwa ni mwaka wa uzembe. Nchini Marekani hauonwi hivyo hata kidogo. Sehemu kubwa ya wanaoingia vyuo vya udaktari huko wamekaa angalau mwaka mmoja baada ya shahada ya kwanza kabla ya kuanza. Mwaka uliopangwa haulingani na mwaka uliopotea.

Fedha, na nafuu ambayo wengi hawaijui

Kuomba ni gharama. Katika misimu ya hivi karibuni ada ya AMCAS imezidi dola 170 kwa chuo cha kwanza na dola 40 kwa kila chuo cha ziada. Juu yake kuna ada ya MCAT, ada za awamu ya pili, na pengine nauli za kwenda kwenye usaili, ingawa tangu janga la korona la mwaka 2020 vyuo vingi vimekuwa vikifanya usaili kwa njia ya mtandao.

AAMC ina mpango wa kuwapunguzia gharama waombaji wenye kipato kidogo. Anayekubaliwa hupunguziwa ada ya MCAT, hupewa vifaa vya kujiandalia mtihani, na husamehewa ada ya AMCAS kwa vyuo hadi ishirini. Vyuo vingi pia humsamehe ada ya awamu ya pili. Mpango huu hauko kwa raia wa Marekani peke yao. Wenye kibali cha ukaaji wa kudumu, pamoja na wale waliokubaliwa na serikali ya Marekani kuwa wakimbizi au kupewa hifadhi, nao wanaweza kuomba. Hili lina maana kubwa kwa familia zilizotoka Kongo, Burundi au Somalia na kupitia kambi za wakimbizi za Afrika Mashariki.

Lakini nafuu hii nayo hutegemea wakati. Mpango haurejeshi fedha zilizokwisha kulipwa. Aliyejiandikisha kwa MCAT na kulipa ada kamili, kisha akaomba nafuu mwezi mmoja baadaye, hatarudishiwa. Ombi la nafuu litangulie, malipo yafuate.

Texas na njia nyingine

Jimbo la Texas lina huduma yake ya maombi, TMDSAS, inayoshughulikia vyuo vya udaktari vya umma vya jimbo hilo. Fomu hufunguliwa Mei, na tarehe ya mwisho huwa karibu na mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba. Mwombaji hulipa ada moja bila kujali ameomba vyuo vingapi. Sheria ya jimbo huvitaka vyuo hivyo viwape wakazi wa Texas takriban asilimia 90 ya nafasi. Kwa familia za Houston na Dallas, kuacha kuomba humo ni kupita mbele ya mlango ulio wazi.

Ipo pia shahada ya udaktari wa osteopathia, DO, ambayo nchini Marekani humpa mhitimu haki sawa ya kutibu, kupasua na kuandika dawa. Maombi yake hupitia huduma iitwayo AACOMAS, nayo huanza Mei. Tarehe za mwisho za vyuo vyake mara nyingi ni za baadaye, na baadhi hufika majira ya machipuko. Hata hivyo, huko nako viti hugawanywa kadiri maombi yanavyoingia.

Kwa anayetaka kwenda Marekani kutoka nyumbani

Mwanafunzi aliyeko Dar es Salaam au Kampala, mwenye ndoto ya kusomea udaktari Marekani, anapaswa kuujua ukweli kabla ya kutumia fedha. Vyuo vingi vya udaktari vya Marekani havipokei wanafunzi wa kigeni. Vinavyowapokea kwa kawaida hudai kwamba wawe wamesoma chuo kikuu cha Marekani au Kanada kwa muda fulani. AMCAS yenyewe haihakiki hati za matokeo kutoka vyuo vya nje. Vipo pia vyuo vinavyomtaka mwanafunzi wa kigeni kuonyesha, au hata kuweka benki mapema, fedha za karo za mwaka mmoja au zaidi.

Kwa mtu wa namna hiyo, swali la lini apeleke maombi huanza miaka minne kabla, wakati anapochagua mahali pa kusomea shahada ya kwanza.

Uingereza: siku moja, saa moja

Uingereza hali ni tofauti kabisa. Maombi ya vyuo vyote hupitia UCAS, na tarehe ya mwisho ya kozi za udaktari huwa 15 Oktoba, au karibu nayo ikiwa siku hiyo imeangukia mwisho wa juma. Hiyo ni miezi mitatu hivi kabla ya tarehe ya mwisho ya kozi nyingine nyingi. Saa ya mwisho ni kumi na mbili jioni kwa saa za Uingereza, yaani saa mbili usiku kwa Afrika Mashariki na saa tatu usiku kwa Muscat.

Ombi lililofika mwezi Septemba na lile lililofika tarehe 14 Oktoba hupewa uzito mmoja. Lakini lililofika tarehe 16 halina nafasi. Marekani humwadhibu anayechelewa kidogo kidogo. Uingereza humwadhibu kwa mkupuo.

Hata hivyo, kuna kitangulizi kisichosubiri Oktoba. Vyuo vingi hudai mtihani wa UCAT, ambao hufanyika kati ya Julai na Septemba, mara moja tu kwa msimu, na matokeo yake hutumika kwa msimu huo peke yake. Asiyejiandikisha kabla ya usajili kufungwa mwezi Septemba amekwisha kuukosa msimu, hata kama fomu yake ya UCAS imekamilika. Mtihani mwingine uliojulikana kama BMAT ulifutwa baada ya mwaka 2023, kwa hiyo mashauri ya zamani kuuhusu hayafai tena.

Mwombaji huruhusiwa kuchagua kozi za udaktari nne tu. Nafasi ya tano huachwa kwa kozi nyingine, kwa mfano ya sayansi za tiba. Tangu msimu wa kuingia mwaka 2026, insha binafsi ya zamani imegawanywa katika maswali matatu. Kwa kuwa shule nazo huhitaji muda wa kuandika maelezo kuhusu mwanafunzi, nyingi huweka tarehe zao za ndani mwezi Septemba. Mzazi na auulizie ratiba ya shule, si ya UCAS peke yake.

Wanaoomba kutoka nje wajue pia kwamba nafasi zao ni chache. Vyuo vya Uingereza huwekewa kikomo cha wanafunzi wa kigeni wa udaktari, takriban asilimia 7.5 ya nafasi. Cheti cha KCSE cha Kenya peke yake kwa kawaida hakitoshi kuingia moja kwa moja.

Nyumbani: matokeo kwanza

Tanzania, wanafunzi wa kidato cha sita hufanya mtihani mwezi Mei, na matokeo hutoka Julai. Baada ya hapo Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, hutangaza kufunguliwa kwa dirisha la udahili, na tangu mwaka 2017 waombaji wa shahada ya kwanza hupeleka maombi moja kwa moja katika vyuo. Udahili huwa na awamu, na kozi ya udaktari, hasa katika vyuo vyenye jina kama Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ni miongoni mwa zinazogombewa sana. Si busara kuitegemea awamu ya pili. Mkopo wa elimu ya juu huombwa kwa utaratibu wake tofauti na una tarehe zake.

Wanaorudi kutoka nje wana kazi ya ziada. Kijana aliyesoma sekondari Oman, Uingereza au Marekani na anayetaka kusomea udaktari Tanzania hutakiwa kupata kwanza ulinganifu wa vyeti vyake kutoka Baraza la Mitihani, NECTA. Asisubiri dirisha la udahili lifunguliwe ndipo aanze kutafuta hati hiyo.

Kenya, maombi ya nafasi za vyuo kwa wahitimu wa KCSE hupitia taasisi ya KUCCPS baada ya matokeo kutangazwa. Uganda, matokeo ya kidato cha sita hutoka mapema mwakani, na udahili wa Makerere na vyuo vingine hufuata. Mwombaji hana budi kufuatilia matangazo rasmi ya kila mwaka, kwa maana tarehe hubadilika.

Kalenda kwa ufupi

Kwa anayeomba Marekani: Februari na Machi, omba barua za mapendekezo na nafuu ya ada. Kabla ya mwisho wa Aprili, fanya MCAT. Mei, jaza fomu na uagize hati za matokeo. Mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Juni, tuma. Julai na Agosti, jibu maswali ya awamu ya pili ndani ya majuma mawili.

Kwa anayeomba Uingereza: anza na usajili wa UCAT kabla ya kiangazi kwisha. Julai hadi Septemba, fanya mtihani. Septemba, ikabidhi shule fomu yako. Usifikishe 15 Oktoba.

Kwa anayeomba nyumbani: tayarisha vyeti, ulinganifu na ada kabla ya matokeo, ili dirisha litakapofunguliwa uombe katika siku za mwanzo.

Na kwa wazazi: kabla ya kumuuliza mtoto kama amepeleka maombi, muulizeni foleni inaanza lini katika nchi anayoomba. Swali hilo moja, likiulizwa mwaka mmoja mapema, laweza kuiokoa familia na mwaka mzima wa kusubiri.